Safari ya Umoja, Kuuza Nyumba Iliyokataa Kuuzika

Kina mama wenzangu wa Lugari, mmeniuliza nilipotelea wapi wiki nzima. Nilikwenda Nairobi kujua kwa nini nyumba yetu ya mtaa wa Umoja haiuziki. Mnajua nilistaafu kutoka kiwanda cha biskuti nikatangulia kuja huku. Mume wangu Zakayo, fundi wa kuchomelea vyuma, alibaki aiuze kisha anifuate. Tulikubaliana miezi miwili. Ikafika kumi na mmoja. Wanunuzi watatu walikuja, wakaangalia, wakapotea.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi na kuku mmoja kikapuni na hasira kidogo. Nakuru nilikunywa chai. Kuanzia Naivasha nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia broka, yule dalali wa kututafutia wanunuzi, maana niliamini yeye ndiye anayetuharibia.

Saa tisa alasiri nikashuka Umoja. Majirani wote wamejenga ghorofa juu ya vile vyumba tulivyonunua tukiwa vijana. Yetu imebaki fupi katikati, na bado naiona nzuri. Mama Shiko, jirani mwenye duka, alinikumbatia njiani.

"Mama Tito! Umepotea! Umekuja kutunyang'anya mzee?"

"Kama mtaniachia."

"Kesho kuna mtu anakuja kuangalia nyumba," akasema akicheka. "Wewe kaa tu, uangalie."

Zakayo alifurahi kuniona, tena sana. Kuku alimchinja mwenyewe.

Jumanne saa nne asubuhi akaja Mwalimu Njeri, msichana mpole aliyebeba futi ya kupimia. Zakayo akamtembeza.

"Mwalimu, sikufichi. Hapa maji inakuja Jumanne na Ijumaa. Hiyo Ijumaa usiitegemee."

"Si leo ni Jumanne?" Njeri akafungua bomba. Bomba likakohoa, likanyamaza.

Zakayo akasogeza kabati, kwa nguvu zake zote, ili mgeni auone ufa nyuma yake. Kisha akamwambia kwamba jogoo wa Mama Shiko huwika kuanzia saa nane usiku. Mama Shiko hajawahi kufuga jogoo. Mwalimu akashukuru kwa adabu, akaenda zake.

Nikamfuata mzee jikoni. "Zakayo, kumbe ni wewe?"

Alishika sufuria safi akaipangusa muda mrefu. "Madirisha haya yote nilichomelea mimi. Watoto wetu wanne wamekulia hapa. Na wewe kwa simu unaniambia huko ni raha tupu, umezoea, una marafiki. Sasa mimi nikija nitakuwa nani? Mgeni wako?"

Nilikuwa na maneno makali tayari, yale ya broka. Yakanipotea. Nikavuta kiti, nikamwambia ambayo sijawaambia hata ninyi. Kwamba miezi ile ya kwanza nilifungua redio asubuhi ili nyumbani kuwe na sauti ya mtu. Kwamba nilizidi kupika ugali wa watu wengi, nikaula baridi siku ya pili. Kwamba nikikata simu baada ya kusema ni raha tupu, nilikuwa nalia.

"Mbona hukusema, Rosa?"

"Ungekataa kuja."

Akanitazama, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Kumbe mimi nafukuza watu kwa ukweli, wewe unanikaribisha kwa uongo!"

"Ukweli gani? Na yule jogoo?"

Tulicheka mpaka Mama Shiko akagonga ukuta kuuliza kama tuko sawa.

Jumatano Zakayo alimpigia Mwalimu simu mwenyewe. "Rudi, mwalimu. Jana nilikuonyesha mabaya tu." Akarudi. Safari hii alionyeshwa jua linavyoingia jikoni asubuhi, na tangi la maji darini ambalo jana halikutajwa kabisa. Njeri akapitisha vidole kwenye vyuma vya dirisha.

"Nani alifanya hii kazi?"

"Ni mimi."

"Hivi sitabadilisha."

Zakayo akatoka nje kidogo. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

Ijumaa tulikwenda kwa wakili mjini kutia sahihi mkataba wa kumuuzia Mwalimu nyumba. Mzee alitia yake bila kusita. Mimi niliyemfuata kwa haraka zote zile ndiye niliyeshindwa na kalamu, ikabidi niletewe maji kwanza.

Jumamosi tukapakia vitu kwenye lori, sisi wawili tukakaa mbele na dereva. Tulipopita Nakuru, Zakayo akaanza kuniuliza majina yenu, mmoja mmoja, na nani ana mume anayejua kucheza drafti.

Nilichojifunza ni hiki: kumhurumia mtu kwa kumficha mambo kulikaribia kututenganisha, na tulikuwa tumependana miaka yote. Kwa hiyo wacha niseme. Kila Alhamisi tukikutana mmeniuliza kama nimezoea, nami nikawajibu nimezoea kabisa. Sijazoea. Njooni Jumamosi mnywe chai, mtuzoeshe wote wawili.