Upande wa Kushoto wa Shingo

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kunyoa lilikuwa kuamini kwamba shingo lazima ilie pande zote mbili.

Kazi yenyewe nilijifunza peke yangu, kwa video za simu, na hapa mjini Baraka wateja wengi hawashuki kwenye kiti kabla kinyozi hajawakunja shingo mpaka mifupa ilie. Mlio mmoja unawatosha vinyozi wengine. Mimi haukunitosha. Mstari wa paji la uso nilikuwa naurudia mara nne, mara tano, na shingo ikikataa kulia upande mmoja nilishindwa hata kula mchana.

Siku hiyo kwenye kiti alikaa kaka yangu mkubwa, fundi cherehani, aliyenilea baada ya baba kufa. Kulia ililia mara moja. Kushoto ikakataa. Nikajaribu tena, kwa nguvu na kwa ghafla.

"Mudogo, unataka kubaki na kichwa yangu mukononi?" akasema. Wateja kwenye benchi wakacheka.

Mara ya tatu ikalia. Nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo.

Kesho yake alirudi ameshika shingo, chini ya sikio la kushoto. "Iko inaniuma mpaka kwenye jicho." Nikamtazama kwenye kioo, nikaona uso hauko sawa. Kope la kushoto lilikuwa limeshuka. Lakini mimi niliwaza jambo moja tu, kwamba mstari wangu umekwenda upande. Nikawasha mashine, nikaunyoosha. Halafu, kwa kuwa aliniomba nimtulize maumivu, nikamkunja shingo tena.

Siku ya tatu mkasi ulimtoka mkononi akikata sare za shule. Mkono wa kulia ulikufa, maneno nayo yakamwishia mdomoni.

Hospitalini daktari alitueleza polepole. Shingoni, mbele, kuna mishipa miwili mikubwa, mmoja kila upande, inayopeleka damu kwenye ubongo. Ukuta wa ndani ukichanika, damu huganda pale, na kipande kikipanda juu huziba njia. Ukiharibika mshipa wa kushoto, unaolegea ni mkono wa kulia, kwa kuwa ubongo wa kushoto ndio unaouendesha. Mashine ya kuhakikisha hakuwa nayo. Akauliza, "Kuna mutu alimukunja shingo, ao alianguka na piki?"

"Hapana, docteur," mke wa kaka akajibu.

Kaka alikuwa ananitazama. Nikaangalia sakafu.

Majirani wakasema amerogwa na fundi mwenzake, mzee mmoja wa sokoni. Mzee yule akawa hasalimiwi. Nikanyamaza hata hapo, wiki baada ya wiki.

Nilisema mwishowe nyumbani kwao, nikimnyoa kaka, kwamba ni mimi niliyemkunja shingo. Shemeji alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mchi ukasimama.

"We ulijua," akasema, "na ukatuacha tumuite baba wa watu mulozi?"

 Kaka aliinua mkono wa kushoto, akautoa mkono wangu kichwani mwake. Nusu ya kichwa ilikuwa bado haijanyolewa.

Sasa ananyolewa na kinyozi mwingine. Mzee wa sokoni anasalimiwa, ila si na watu wote. Mimi bado nanyoa. Shingo ya mtu sikunji, na anayeuliza namwambia sababu.