Bustani Juu ya Bwawa la Perege

Bwawa letu la perege liko kijijini Mpemba, bondeni nyuma ya nyumba. Mume wangu alilichimba mwenyewe, na siku zote tulijua jambo moja: maji yakiwa ya kijani, samaki wana chakula. Binti wa kaka yangu, anayesomea ufugaji wa samaki, alikuja likizo akaomba atutengenezee bustani ya kuelea. Sikuelewa vizuri, ila nilimkubalia. Alifunga mianzi, akaipachika chupa tupu za plastiki ili isizame, akapanda mboga inayofanana na matembele, mizizi ikaning'inia majini.

Mboga ilistawi. Kijani cha maji kikapungua hadi nikaona tope la chini, na harufu mbaya iliyotoka bwawani kila asubuhi ikaisha. Ningepaswa kufurahi, lakini samaki sikuwaona.

Mume wangu alisimama ukingoni. "Mama watoto, tumewanyang'anya chakula. Mbolea yote ya kukuza kile kijani imeliwa na mboga."

Nikampigia simu binti, aliyekuwa amesharudi chuoni.

"Shangazi, mizizi inanyonya uchafu," akasema. "Hata vijidudu vya tumboni mwa samaki vinaweza kubadilika, vikawasaidia kusaga chakula."

Vijidudu. Mimi huchemsha maji ya kunywa ili niviue, na sasa naambiwa vipo tumboni mwa samaki na nisiwe na wasiwasi.

Mume wangu alichoka kusubiri. Akaingia majini, akavuta bustani kuelekea ukingoni. Chini yake perege walitawanyika kila upande, wanene, wengine wakampiga miguuni. Kumbe walikuwa wamejificha kwenye mizizi. Akairudisha taratibu, akatoka majini.

Tulipovua, binti alikuja tena, akapasua samaki wachache, akatoa matumbo yao na ya samaki wa jirani, akayatia kwenye vichupa, akaenda nayo chuoni. Baadaye alipiga simu: vijidudu vya samaki wetu vilikuwa tofauti na vya bwawa la jirani lisilo na bustani.

"Kwa sababu ya mboga?" nikauliza.

"Labda. Au pumba mnazowapa. Siwezi kusema."

"Sasa hiyo tofauti ni nzuri au mbaya?"

"Bado sijui, shangazi."

Tumeunda bustani ya pili. Jirani akiuliza inasaidia nini, namwambia amuulize mume wangu, naye humrudisha kwangu.