Nguva Wenye Makoti Meupe

Tangu soko huria lituletee viwanda vya samaki, Kokulinda alikuwa akikaanga mapanki pale Mkolani, yaani vichwa na mifupa ya sangara, maana minofu ilishapanda ndege kwenda Ulaya.

Jumapili moja binti yake, Odeta, alimpeleka kwenye banda la video. Katika filamu, wanasayansi walizama baharini na mitambo yao kuchunguza nguva. Nguva wakawala mmoja baada ya mwingine, wakabakiza mifupa. Banda zima lilifumba macho. Kokulinda alitafuna karanga.

“Mama, huogopi?”

“Niogope nini? Hao wakishakula wanaondoka. Wa kwetu kule kiwandani wanavaa makoti meupe, wanachukua mnofu, halafu mifupa wanatuuzia. Na mimi mpumbavu naitia chumvi, nasema kiwanda kimetukumbuka.”