Mtungi wa Bibi wa Jikoni

Pale Makambako, ukiulizia nyumba ya wageni iliyo safi kuliko zote, utaelekezwa kwa Feliciana Haule. Vitasa vinang'aa, maua ya plastiki kila meza, na mwenyewe anajisikia kweli kweli. Jambo moja tu alilificha: alizaliwa Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akakua akimfuata mama yake, Letisia, kupanda milima na vyungu kichwani, wakibisha hodi nyumba kwa nyumba. Bei ya chungu ilikuwa mahindi ya kukijaza. Wenzake shuleni walimwita mtoto wa matope, na jina hilo lilimkaa rohoni mpaka leo.

Mwaka huu Letisia alikuja kutibiwa macho, akamletea binti yake zawadi ya mtungi wa maji. Mgeni wa kwanza alipouliza yule mzee ni nani, Feliciana alijikuta akijibu kuwa ni bibi wa jikoni. Aibu ilimshika papo hapo, lakini hakusahihisha. Letisia alisikia, akajifunga kanga vizuri, akaingia jikoni kweli.

Ndipo wakafikia wanaakiolojia waliokuwa wakichimba karibu na Mdandu. Kiongozi wao, Methodi, alikuwa mtu wa kushikashika vitu. Asubuhi moja wakisubiri chai aliuinua ule mtungi, akapenyeza mkono ndani. Aliwaeleza wenzake kwamba nje mfinyanzi hulainisha, ila ndani huacha michirizi ya vidole. Kwa michirizi kama hiyo wao husoma vigae vya kale, na ndiyo maana huwatafuta wafinyanzi walio hai, wakae nao, wawaangalie wakifanya kazi. Huu, alisema, umefinyangwa kwa mkono wa kushoto. Akataka kujua ni kazi ya nani.

"Ya mama yangu," Feliciana alisema. Angeishia hapo angepona. "Alishafariki."

Letisia alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, kaishika kwa kushoto, kama alivyoshika kila kitu maisha yake yote. Methodi aliutazama ule mkono. Akaushusha mtungi taratibu.

"Bibi, ulimfahamu huyo mfinyanzi?"

Feliciana alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akatamani mama yake aseme kweli tu, amuumbue mbele ya watu, yaishe.

"Nilimfahamu," Letisia alisema. "Ni kama alivyokuambia, mwanangu. Alishafariki."

Akaihamishia chupa mkono wa kulia, akaanza kumimina, na chai ikamwagika mezani. Neno mama lilikuwa limeshafika kooni kwa Feliciana. Wageni wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Bibi," akasema, "leta kitambaa."

Letisia akakileta.