Aliyetushusha Maskati

Tulioshuka melini Maskati mwaka wa sitini na nne tulikuwa watatu. Bi Zuwena binti Rashid, mama mkwe wangu. Salma binti Seif, mwanangu, ndiyo kwanza nimemwachisha ziwa. Na mimi, Maryam binti Mzee, mke wa Seif. Aliyetupokea ni Hilali bin Khamis. Baba yake na baba wa mume wangu walikuwa ndugu. Na Mombasa tuliagana na Shaibu, baharia, jirani yetu wa Unguja. Nnawataja mapema kwa sababu safari ile ilikuwa safari ya majina. Asiyekuwa na jina la kutaja hakushuka.

Wajukuu zangu hapa Bausher, pembeni mwa Maskati, kila wakisafiri, huulizana nchi waendayo inataka nini: chanjo gani, nguo gani, simu itashika au haitoshika. Basi na mimi n'tawaambia Maskati ilikuwa inataka nini.

Unguja. Sababu ya kuondoka mnaijua. Januari ile walikuja watu na bunduki, wakamchukua Seif na kikoi chake na fulana. Akaniambia, "Narudi sasa hivi, usifunge mlango." Nikauacha wazi mchana kutwa na usiku kucha, na mitaani watu wanalia. Asubuhi aliyekuja kuufunga ni Bi Zuwena.  Baada ya Idi tukapata njia ya kwenda Mombasa.

Mombasa. Tulifikia chumba kimoja cha uani, tukingoja meli. Siku moja Shaibu akaja, hakutaka kuingia ndani. Akaniita nje, chini ya dirisha.

"Bi Maryam," akasema, "Seif tena hayupo. Kazikwa na wenziwe. Aliyeniambia kaona kwa macho yake."

"Wamezikwa wapi?"

"Hakunambia wapi. Bi mkubwa usimwambie, atakufia njiani."

Nikanawa uso, nikaingia. Bi Zuwena yuko chini anachagua mchele.

"Shaibu ataka nini?"

"Amekuja kutuaga."

"Mbona mimi hakuniaga?"

"Ana haraka, mama."

"Haya," akasema, na mkono wake ukaendelea kwenye mchele.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjane. Sikupiga ukelele, sikuvua bangili, maana ningevua angeuliza.

Baharini. Mwenye kusafiri sitahani, siku zile, alichukua mkeka wake, ndimu za kuzuia kutapika, na maji yake kwenye mtungi uliofungwa mdomo, kwani ya melini yananuka kutu. Lakini mzigo mkubwa, alisema Bi Zuwena, ni majina. Kila asubuhi baada ya sala akinisomesha: Seif bin Hamed bin Salim, mpaka juu huko, kisha kabila, kisha kijiji chao Samail, kisha mfereji unaopita penye mitende yao. Nikikosea ananirudisha mwanzo.

"Seif akija," anasema, "atacheka. Mke wa Kingazija ajua nasaba kuliko yeye."

Na mimi nacheka. Namgeukia Salma, namfuta uso usiokuwa na kitu.

Bandarini Maskati. Meli ilitia nanga mbali. Hapakuwa na gati. Milima ilikuwa imesimama kama mkaa, haina hata jani, na mimi nikajisemea, hii ndiyo Manga, Arabuni kwetu, tuliyokuwa tukijivunia? Akapanda afisa na karani wake wa kufasiri. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, akaniuliza kwetu wapi. Nikamjibu kama tulivyokuwa tukijibu sote Unguja, hata yule ambaye babu yake alitoka milimani mwendo wa siku nyingi:

"Kwetu Maskati."

Karani akacheka. "Maskati ni mlango tu, bibi. Nyote mwasema Maskati! Kijiji gani? Kabila gani? Nani atakudhamini?"

Majina yote yakanitoka. Bi Zuwena akanisogeza kwa kiwiko, akayataja yeye, moja moja, na mwisho akamtaja Hilali. Wakapeleka mtu. Tukalala pale pale sitahani, na chuma kinarudisha joto la mchana.

Asubuhi akaja Hilali kwa mashua. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, na Kiswahili chake cha Pemba, maana ujana wake alichuma karafuu huko. Akambusu Bi Zuwena kichwani. Akamtazama Salma, akasema, "Huyu Hamed mtupu." Kisha akanielekea mimi.

"Na huyu?"

"Mke wa Seif," akajibu Bi Zuwena.

"Watu gani?"

"Baba yake Mngazija."

Hilali akamtazama afisa, afisa akatazama maji.

"Bi Zuwena, mimi sifichi maneno," akasema. "Ruhusa ni ya watu wetu tu, na hiyo nimeipata kwa taabu. Seif yu hai? Kama yu hai, huyu ni mkewe, nnamdhamini. Kama kafa, huyu ana watu wake, ataendelea na meli. Mtoto ni wetu, atashuka na bibi yake."

Nikamshika Salma mpaka akalia. Mashua ilikuwa imeshafungwa ubavuni, mzigo wetu umeshateremshwa, mzigo wangu na wa mwanangu katika furushi moja. 

"Mwanangu yu hai," akasema Bi Zuwena. "Anakuja na meli ya mbele."

"Waweza kuapa?"

"Wewe ulipokuja kwangu Unguja huna hata kiatu, Hilali, nani alikuapisha? Nilikuuliza kama una njaa tu. Hebu mshike mtoto, jua kali."

Hilali akamshika mtoto. Nikashuka nyuma yake. Nikamwonea huruma mama wa watu, nikisema moyoni, maskini, hajui.

Ndani ya ukuta. Nyumba ya Hilali ilikuwa Maskati yenyewe, pale mnapokwenda siku hizi kwa gari kutazama kasri. Yalotakiwa kujulikana ni haya. Maji yananunuliwa, yaja na punda, na ya kuoga si ya kunywa. Baada ya isha inapigwa ngoma ngomeni, milango ya mji inafungwa, na ukitoka nje lazima ubebe fanusi ya mafuta uonekane uso. Tochi hawaitaki. Miwani ya jua usivae. Ukiumwa, omba Mungu uumwe mchana.

Siku ile ile ya kwanza Bi Zuwena akawaambia wanawake wa nyumba, "Mkwe wangu kifua kimeharibika kwa chuma cha meli. Asitoke. Moshi wa udi humbana, msimfukize. Wala asitiwe wanja wala mafuta mazuri, vyampandisha pumu."

Mimi sikuwa na pumu. Nikashukuru kwa siri: nimepata pa kukalia eda yangu na hapana ajuaye. Nikakaa ndani miezi, wenzangu wakinicheka kuwa Wazanzibari ni wa mayai. Joto lilikuwa la kuua, wote wanalala juu ya dari, mimi chumbani na ukuta. Siku ya pili baada ya eda yangu kutimia, Bi Zuwena akaingia na kanga mpya. "Kifua kimepona," akasema. "Vaa, utoke." Nikaona bahati tu. Ujinga wangu.

Mwaka wa sabini akaja sultani mpya, nchi ikafunguliwa. Wenzetu wakaanza kurudi. Hilali akaja na furaha, amekaa, kikombe cha kahawa mkononi.

"Bi Zuwena, sasa Seif hana kizuizi. Nambie yuko wapi, nimpelekee tikiti mimi mwenyewe."

Nikainamisha kichwa. Bi Zuwena akaweka tende chini.

"Seif kafa, Hilali. Kafa Januari ile ile. Nilimsikia Shaibu dirishani Mombasa, na huyu akidhani nachagua mchele tu."

Nikamtazama. Hakunitazama.

"Ulinidanganya melini," akasema Hilali.

"Nilikudanganya. Ningesema kweli ungenipa mtoto ukamwacha mama yake. Mimi wangu keshanitoka. Niwe wa kumpokonya na huyu wake?"

 Kahawa ikapoa mkononi mwa Hilali. Kisha akauliza, "Siku zile za kifua?"

"Eda," akasema Bi Zuwena.

Hilali akasimama, akafungua mlango wa barazani, akawaambia watu wake watandike majamvi. Siku tatu watu walikuja kutupa pole kwa msiba wa miaka sita. Siku ya kwanza, mbele za watu wote, Bi Zuwena akanishika mkono, akaniambia, "Lia sasa, mwanangu." Akaanza yeye.

Nilichojifunza ni hicho. Fanusi na maji mtauziwa. Wa kukutajia jina lako wakati limekutoka, huyo ondokeni naye kwenu.

Mimi skuli sikwenda sana, haya nimeyaandika kama yalivyo kichwani. Kama nimekosea jina la mtu, nisahihisheni; watoto wa Hilali wapo, wajukuu wa Shaibu wapo Mombasa. Na kama yuko anayejua wapi walizikwa waliochukuliwa mtaani kwetu Januari ile, Seif bin Hamed, mwenye kikoi na fulana, jina hilo sikulikosea. Walipozikwa ndipo sikuambiwa. Aniambie.