Besi ya Ikupa na Kikohozi cha Baba Mkwe

Wapiga besi wa Iringa walimdhania Ikupa ana kichaa kidogo. Nilipokwenda kumtembelea mwaka wa hamsini na tisa waliniuliza mimi, kwa kuwa natoka kwao. Mtu akimpelekea besi yenye ufa au uzi uliokatika, walisema, hupokelewa vizuri, hupewa kigoda na kikombe cha togwa, kisha mwenyeji wake humgeuzia mgongo, huutazama ukuta, na kuuelekeza ukuta: usilegeze nyuzi zote kwa pamoja, usilaze besi karibu na moto, waya wa breki ni wa baiskeli. Mwenye besi anabaki pale kama hayupo.

"Anaongea na nani?" waliniuliza.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ukuta ule naufahamu. Ulikuwa ukuta wa jiko langu.

Ikupa aliletwa Ilomba, hapa Mbeya, kutoka upande wa Tukuyu akiwa bibi harusi wa Isakwisa, kijana wa gereji, mziba matairi mchana na mpiga besi Jumamosi. Baba yake Isakwisa, mzee Jailos, alikuwa seremala aliyefundishwa kazi na wamisheni. Kwetu Unyakyusa mke haonani na baba wa mumewe. Si chuki, ni heshima. Akimwona kwa mbali huacha njia, hujifunika kitambaa usoni, huingia migombani mpaka mzee apite, na jina lake halitaji hata akiota. Huko milimani jambo hili lina nafasi yake, maana vijana hujenga mbali na baba zao. Lakini mjini nani atakupa mlima? Tulipanga ua mmoja: mzee na karakana yake upande wa lango, jiko katikati, wao wawili nyuma, na mimi nikibanwa kati yao.

Basi mzee, kwa ustaarabu wake, akifika langoni hukohoa. Na Ikupa akisikia kikohozi hukimbia. Aache sufuria, aache nguo kwenye beseni, anyanyue kanga, apotelee nyuma ya choo. Mzee akisahau koleo, anarudi, anakohoa tena. Ugali ukaungua, maharage yakaungua, siku moja hata mwiko ukaungua. Binti alikonda. Ukiongea naye, jicho liko kwako na sikio liko langoni. Mimi si mvumilivu, na nakiri kuna siku nilitamani mzee yule apate mafua ya koo akae kimya wiki nzima.

Mumewe naye hakutulia, ila yeye alizaliwa hivyo. Besi yake aliipata kwa mzungu mmoja wa Chunya aliyefungasha virago dhahabu ilipomwishia. Ilikuwa besi kubwa ya kusimama, nzuri kuliko kitu chochote kilichoingia ua ule. Isakwisa hakuiacha ipumue. Leo anaipaka mafuta, kesho anasogeza daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, kidogo juu, kidogo chini, halafu anarudisha pale pale. Nilimwambia, "Baba, hiyo ni besi, si kidonda." Akacheka, akaendelea kuitomasa.

Kabla ya Kwaresima ya mwaka hamsini na sita, dereva wa lori alileta maneno kutoka kwa Kalinga, Mhehe wa Kalenga aliyekuwa na bendi pale Iringa mjini. Mpiga besi wake ameacha. Isakwisa aje na besi yake kabla ya Pasaka. Kuna chumba nyuma ya ukumbi. Asipofika, yuko mtu wa Dodoma anaulizia.

Ikupa alinijia jikoni, macho yamemtoka.

"Dada," akanishika mkono, "huko Iringa nitapika ugali mpaka uive."

Sijasikia mtu akisema neno dogo hivyo kwa uchungu mwingi hivyo. Nikamwambia ataupika, tena mimi nitakwenda kuula.

Sasa sikia alichofanya mumewe. Alitaka Kalinga asikie besi inayonguruma, akatoa uzi mnene wa utumbo, akafunga waya wa breki ya baiskeli. Kweli ikanguruma. Waya ule ukavuta, ukavuta, daraja likainama kuelekea shingoni, na tumbo la besi likaanza kubonyea. Alipoona hivyo akaogopa, akalegeza nyuzi zote nne kwa mkupuo. Daraja likaanguka. Ndani kukasikika kitu kikigonga na kuviringika. Ilikuwa nguzo, kijiti kinachosimama tumboni mwa besi kati ya mbao ya mbele na ya nyuma, kisichoshikwa na gundi wala msumari, kinachobanwa tu na uzito wa nyuzi. Na ubavuni ukafunguka mwanya wa kupitisha kisu.

Mbeya nzima aliyeweza kuutengeneza mzigo ule alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa akikohoa langoni.

Mzee Jailos aliizunguka besi pale karakanani. Isakwisa alikuwa mwanawe pekee aliyebaki. Wengine wawili aliwazika. Alijua vizuri besi ikipona inakwenda wapi.

"Tata, itawezekana?" Isakwisa akauliza.

"Wewe nenda gereji," mzee akasema. "Na mikono yako nenda nayo."

Mwanzoni mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka maneno, ya mzee jikoni na ya Ikupa karakanani. Mwambie nkamwana, mke wa mwanangu, atafute utumbo wa kondoo. Mwambie yeye umepatikana. Mwambie aukwangue, aloweke, asokote ukiwa mbichi, autundike na jiwe. Mwambie yeye jiwe zito kiasi gani? Siku ya tatu nikaweka ndoo chini.

"Mzee, mimi si simu ya posta. Nina maharage yangu sokoni."

Nikajiendea. Niliporudi nilimkuta mzee amekaa karakanani, uso kwenye ukuta wa jiko, anausemesha kwa sauti ya mtu anayesoma sala. "Ukuta, sikia. Utumbo ukikauka upakwe mafuta ya nyonyo kidogo, siyo kuogeshwa. Uzi ukipigwa ufutwe jasho, la sivyo unaoza." Upande wa pili Ikupa amechutama kando ya mafiga, ameinamisha kichwa, anasokota. Alipoelewa aligonga ukuta kwa mwiko. Tangu siku ile wakaniachisha kazi, na nikiri niliona wivu kidogo.

Mzee alichemsha gundi ya ngozi, harufu ikatufukuza wote, akapasha ubavu wa besi moto, akapaka, akabana kwa vibano vya mbao. Kisha akasema ingoje. Tukangoja. Mvua ikanyesha, akasema ingoje. Ukungu ukashuka kutoka mlima Loleza ukakaa uani, akasema bado. Kila asubuhi aliibonyeza mbao kwa kidole gumba, anatikisa kichwa, anarudi kuchonga milango ya watu. Na Pasaka inakuja.

"Hataki," Ikupa akaniambia. "Anangojea yule wa Dodoma aende. Anataka nife nikikimbia kwenye huu ua."

Nilipaswa kumtuliza. Badala yake nikasema hata mimi naona hivyo. Mdomo wangu huu!

Jioni ile mzee alikuwa kwenye mkutano wa kanisa. Ikupa akamwambia mumewe gundi imekauka, avalishe nyuzi. Isakwisa hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Vibano vikatoka, nyuzi zikapanda, akapiga sauti moja, ya pili, na kwenye ya tatu ubavu ukaachia wote, kuanzia kiunoni mpaka kitakoni, na gundi ikining'inia kama kamasi la mtoto.

Isakwisa akakaa chini akalia waziwazi. Ikupa hakulia. Alisimama pale mikono kichwani mpaka kikohozi kikasikika langoni, na kwa mara ya kwanza nilimwona akichelewa kukimbia.

Mzee aliingia akaona. Nilijiandaa kwa matusi; ningekuwa mimi, ua mzima ungejua. Yeye alivua kofia, akaokota vibano kimoja kimoja, akaanza kukwangua gundi ya zamani kwa patasi. Kisha akasema, uso ukiwa ukutani, "Ukuta, gundi hii mvua inaichelewesha, si mimi. Mimi nilitaka iwahi, lakini barabara ya Iringa ni mbaya, na ikienda nusu itakufa Makambako, nani ataitengeneza huko?"

Upande wa pili hakuna aliyegonga. Nilichungulia. Ikupa alikuwa amejifunika kitambaa uso mzima, ingawa hapakuwa na mtu wa kumficha uso, na mabega yanatikisika. Ndipo nikafahamu kwamba sisi wawili tulikuwa wajinga.

Safari hii tulingoja bila kunung'unika. Mzee alichonga nguzo mpya kwa mti mkavu wa podo, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imepasuka kichwani. Hakuwahi kuchonga kitu cha namna ile. Ya kwanza aliikata ndefu, ya pili fupi, ya tatu ikaenea. Jumamosi mbao ilipokubali kidole gumba, ilibaki kazi ya kutafuta mahali pa nguzo. Ikisogea upana wa punje ya mpunga, sauti ya besi hukwama. Na besi, mzee alisema, mtu aliyeikumbatia haisikii sawasawa. Asikilize aliye mbali. Alihitaji mkono mwingine wa kupiga uzi. Isakwisa alijaribu, lakini akiambiwa apige uzi mmoja anapiga wimbo mzima, na mguu unacheza. Mzee akamtuma akanunue chaki ya kupaka vigingi vya nyuzi visiteleze. Akamtuma mbali, duka la mjini.

Halafu akasema na ukuta. "Nikitoka, nyuzi zipigwe moja moja. Nikikohoa mara moja, naja. Nikikohoa mara mbili, imekaa sawa."

Siku nzima ilikwenda hivyo. Mzee anachokonoa nguzo kwa waya uliopindwa kupitia tundu la sauti la mbele, anatoka, anapotelea nyuma ya karakana. Ikupa anatokea jikoni, anapiga uzi mmoja, anauacha uishe wenyewe, unaofuata, mpaka wa nne. Kikohozi kimoja. Ikupa anakimbilia jikoni, mzee anarudi. Walipishana pale uani tangu umande haujakauka, wala hawakuonana hata kivuli. Mimi nilikaa na ungo wangu katikati, sikuchambua hata punje, roho juu. Nilijua kila sauti ikiboreka, ua ule unakaribia kuwa mtupu.

Jua lilipoinama, Ikupa alipiga uzi mnene aliousokota mwenyewe. Sauti ilitoka chini sana, ikaingia kwenye kigoda nilichokalia, ikapanda mgongoni. Uzi ukanyamaza, na nyuma ya karakana kimya kikaendelea mpaka nikataka kupiga kelele.

Kisha mzee akakohoa mara mbili.

Jumatatu kabla ya Pasaka tulitembea kwenda barabarani kulikosimama basi. Isakwisa alikwisha tangulia mbio kugombana na utingo, maana Ikupa alikataza besi isipande juu ya basi kuchomwa na jua. Yeye alikuja nyuma ameibeba mwenyewe, imefungwa blanketi, ameikumbatia kiunoni kama alivyoagizwa, si kwa shingo.

Njia ile ilikuwa nyembamba, mahindi kila upande. Tulipopinda kona nikamwona mzee Jailos mbele yetu, amekuja kuaga. Ikupa akasimama ghafla, akatafuta pa kukimbilia, lakini na besi ile angekimbilia wapi?

Ndipo mzee, mtu mzima yule mwenye mvi, akaacha njia. Akaingia kwenye mahindi ya watu na viatu vyake vya kanisani, akatupa mgongo, akavuta kofia mpaka masikioni, akainamisha kichwa. Alisimama hivyo, kama wanavyosimama wakwe wa kike kila siku ya maisha yao, ili mke wa mwanawe apite njiani ameinua uso.

Ikupa akapita. Alipofika usawa wa mgongo ule, akapenyeza kidole ndani ya blanketi, akavuta uzi mnene mara moja. Sauti ikatoka imefifia.

Mahindini kikohozi kikaja mara mbili.

Basi likaondoka, mimi nikaenda sokoni na maharage yangu, nikauza vibaya. Jioni nilikuwa jikoni peke yangu mzee aliporudi. Alifika langoni akakohoa, akangoja kidogo ili mtu apate kujificha, kisha akaingia.