Jogoo wa Mgeni

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, si mbali na Manyoni, wageni wa serikali hawakuisha, na mgeni lazima achinjiwe jogoo mkubwa kuliko wote. Kila gari lilipotimua vumbi barabarani, nilimtafuta jogoo wetu mkubwa kwa macho. Nilijua mkubwa anakwenda kabla hajaacha mbegu, na vifaranga watarithi umbo la vile vijogoo vidogo tulivyoona aibu kumpa mgeni. Mwaka hadi mwaka kuku wetu wakazidi kudumaa. Nikamwambia mama. Akanifokea: eti nataka tuonekane wachoyo?

Siku moja akaja bwana mifugo, tukamchinjia.

“Mama, mbona kuku wenu wadogo hivi?” aliuliza, huku akitafuna paja la jogoo mkubwa wa mwisho.